Tukae, Aliyetukalisha Wote Sakafuni

Mwanangu anastaafu! Mwanangu wa kumzaa mwenyewe anastaafu kabla yangu! Mimi mama yake bado nimo jikoni na aproni yangu, sufuria iko motoni, naye anaondoka na cheti na makofi. Nani amewahi kuona? Haya, nimeshalitoa, sasa naweza kusalimia kama watu: hamjambo wafanyakazi wenzangu, hamjambo wageni wetu, na shikamoo kwa walionizidi umri, kama mmebaki.

Meneja aliniomba mimi niandike habari hizi kwenye karatasi ya sherehe. Redio, msaidizi wa mwanangu, alitaka aandike yeye, lakini tunamwita Redio kwa kuwa akifunguliwa hazimiki, na karatasi yenyewe ni moja. Shule yangu si ndefu, nakubali. Ila habari za huyu mtu ninazo tangu hajaota jino. Mwenye sifa za kunizidi ajitokeze, nimwone.

Basi ni hivi. Mpangaji mkuu wa safari zetu za mtoni, ambaye nyote mnamwita Tukae, amefanya kazi katika kampuni hii miaka ishirini na tisa. Anastaafu Jumapili, siku ya mwisho ya mwezi huu, akiwa amelowa maji, maana alikataa katakata kustaafia ofisini. Safari ya kumuaga ameipanga mwenyewe: siku tano, kutoka kule juu milimani mto unakotoka ukiwa mwembamba na mkali, mpaka ufuko wa mchanga ambapo lori letu hungoja boti. Nafasi zote zina watu, isipokuwa moja. Nafasi hiyo moja imetutia kwenye mabishano wiki nzima, na aliyebishaniwa ni mimi. Nitafika huko. Kwanza tukae, kama asemavyo mwenyewe.

Jina la Tukae sikumpa mimi. Nililompa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na tangu aingie hapa halijapata kazi. Mgeni anaingia ofisini, hata mkoba hajautua, anauliza: maporomoko yana ukali gani, nisipojua kuogelea itakuwaje, picha tutapigwa lini? Mwanangu humjibu jibu moja, awe mkubwa wa serikali au mwanafunzi: “Kwanza tukae.” Kisha anamwonyesha sakafu.

Wageni wa sherehe hamjui, kwa hiyo nieleze. Katika stoo yetu, kati ya rafu za makasia na mlango wa jiko langu, kuna boti iliyochorwa kwa chaki sakafuni, ukubwa ule ule wa boti ya mpira, na kila nafasi ya kukaa ina duara lake. Hakuna mgeni anayeugusa mto kabla hajakaa katika boti ya chaki. Wanakaa chini na suruali zao za kupigwa pasi, wanashika makasia, naye anasimama nyuma yao anapaza sauti: mbele! nyuma! ingieni ndani! shikeni kamba! Ukichelewa kushika kamba umeanguka, unatoka nje ya mstari, unasubiri kuokolewa na wenzako kwa kuvutwa mabega ya jaketi. Nimeona wakurugenzi wakivutwa kwenye saruji ile kama magunia, wanacheka mpaka machozi.

Boti ya kwanza ya namna hiyo, msidanganywe na Meneja anavyowasimulia wageni, ilichorwa kwenye sebule yangu, kwa mkaa wa jiko langu, na nilikuwa ndiyo kwanza nimepiga deki. Alikuwa na wiki moja kazini, kazi yake kufua majaketi ya kuelea na kuyaanika. Siku hiyo alimwona mgeni akitumbukia mtoni kabla boti haijaondoka, eti alikuwa anampungia mkono mke wake. Akarudi nyumbani akiniambia kwamba watu hawaangushwi na maji, wanaanguka kwa sababu hawajui makalio yao yako wapi. Nikamkaripia, maneno gani hayo mbele ya mama yako. Kisha nikakaa kwenye mkaa nijaribu, na kweli, na mimi yangu sikujua yalipo.

Kutoka kwenye majaketi akapanda kuwa mpanga mizigo. Kutoka mizigo akawa kiongozi wa boti, mwanamke wa kwanza hapa kushika kasia la nyuma, na wanaume waliosema hawezi wakaja mmoja mmoja kumwomba awafundishe. Msidhani nawataja. Wapo humu ukumbini, wamenyoa vizuri, wameketi karibu na soda. Na tangu bega lilipoanza kumsumbua ndiye mpangaji mkuu, na mimi akanivuta kutoka nyumbani nije nishike jiko. Kwa hiyo nimezaa bosi wangu. Hilo nalo nani amewahi kuona?

Yeye hupanga safari kuanzia mwisho. Watu wengine huanza na siku ya kwanza, wapi tutaingilia mtoni, tule nini asubuhi. Tukae huanza ufukoni, mahali lori linapongoja, anarudi nyuma kambi moja moja mpaka juu mlimani: hapa jua linaondoka bondeni mapema, kwa hiyo tufike tupige mahema kukiwa na mwanga, hapa mchanga ni mzuri lakini mto ukijaa unaupanda, tulale juu ya mawe, hapa wageni watakuwa wamechoka na kununiana, tuwape chai kabla ya kitu chochote. Na mizigo inafuata mkondo huo huo. Chakula cha usiku wa mwisho ndicho kinachoingia kwanza kwenye mfuko, kinakaa chini kabisa. Cha siku ya kwanza kinakaa juu. Mayai yanasafiri ndani ya kopo la unga, na halijavunjika hata moja tangu nianze kuyafunga mimi. Hili la mayai nilitaka liandikwe kwenye cheti chake, Meneja akakataa, kwa hiyo nimeliandika hapa.

Kuna mwaka Meneja alipenda kutusaidia kufunga mifuko, Mungu ambariki kwa moyo wake, akaifunga kama mtu anayekwenda dukani, cha kwanza chini na cha mwisho juu. Wageni wakala keki ya kuagana usiku wa kwanza, kabla hawajajuana majina. Waliimbiana nyimbo za kwaheri, wakakumbatiana, kesho yake wakaanza kuulizana, samahani, wewe unaitwa nani vile? Tukae hakumlaumu. Alisema ndiyo kundi lililopendana kuliko yote, kwa kuwa lilianza na kuagana.

Na kwa kuwa hii ni sherehe na si mazishi, tuseme na yake. Mwaka wake wa kwanza wa kupanga, alitaka kuhakikisha boti mpya haivuji. Akaijaza upepo ndani ya stoo. Ikajaa vizuri, ikawa nono, haivuji hata kidogo. Haitoki pia. Mlango wa stoo ni wa mtu mmoja na ndoo. Fundi wetu wa boti, tunayemwita Kiraka, alikuwa upande wa ndani, akabanwa ukutani kama picha. Wageni wanangoja nje, jua linapanda, na sauti ya Kiraka inatoka kwenye tundu la kitasa: “Tukae, sasa leo tukae mpaka lini?” Ikabidi upepo utolewe wote, taratibu, boti ikilia kama mbuzi.

Mgeni mwingine alikuja na sanduku la magurudumu, na ndani yake pasi. Pasi! Ya kunyooshea mashati korongoni! Mimi ningegombana naye. Tukae alimwambia hakuna shida, kwanza tukae, akampakatisha sanduku lake katika boti ya chaki. Mbele! Nyuma! Ingia ndani! Alipoambiwa shika kamba akawa hana mkono. Akainuka mwenyewe, akaliacha sanduku ofisini. Na pasi ile tuliitumia siku zote alizokuwa huko, tulipendeza sana.

Maporomoko ya mto wetu yote yana majina aliyoyapa Tukae. La kwanza ni Shemeji, linakutania tu, linakumwagia maji na kukuacha uende. La pili ni Kinyozi, kofia isiyofungwa halirudishi. La tatu, kubwa kuliko yote, ni Mama Mkwe: unakaribia kwa adabu, huongei, macho mbele, unafanya ulivyoelekezwa, na ukishapita unamshukuru Mungu. Mkwe wangu, mume wa Tukae, ambaye ndiye dereva wa lori, aliposikia jina hilo mara ya kwanza alinitazama akaangalia pembeni. Nikamwambia usiogope baba, mimi si lile, mimi nina mawe machache.

Msidhani kila alichopanga kilikwenda kama alivyotaka. Kuna safari aliizuia asubuhi yenyewe ya kuondoka, wageni wameshavaa kofia ngumu. Alisema mawingu ya kule juu hayapendi, mto utajaa, hakuna anayekwenda. Meneja alishika kichwa. Wageni walinuna. Na siku ile, jamani, mto ulitulia kama uji uliopoa. Haikunyesha hata tone. Walimcheka mpaka wapishi, na wapishi ni mimi. Akasema heri achekwe ukingoni. Akachukua chaki, akachora boti mbili nje uani, akawafanya wageni washindane kupiga makasia juu ya changarawe mpaka viatu vikatoboka. Mwaka uliofuata walirudi wote na wakaleta ndugu zao. Mpaka leo sijui mawingu yale aliyaona wapi, na yeye hajui, ila hajawahi kurudi na mtu pungufu. Hata mmoja. Hilo Meneja amekubali liandikwe.

Sasa nije kwenye ile nafasi.

Mgeni akichelewa kufika siku ya mazoezi, huwa naitwa kutoka jikoni nikae mahali pake, boti isiwe na pengo. Naja na mwiko wangu, ndio kasia langu. Kwa namna hiyo nimewahi kuwa bwana harusi, nimekuwa daktari wa meno, nimekuwa mcheza mpira mrefu wa kugusa dari, na kila mara naambiwa nimekaa vizuri kuliko mwenyewe. Kwenye saruji mimi ni bingwa. Lakini mto wenyewe sijawahi kuuingia. Siogelei. Nilishasema zamani, kazi tumegawana, mimi nilizaa, yeye aelee. Safari ikiondoka nasimama mlangoni pa jiko, sipungi mkono, maana nilisikia kilichompata yule aliyempungia mkewe. Napaza sauti tu: “Sufuria yangu irudi!” Naye anajibu bila kugeuka: “Itarudi!” Sufuria ni ile kubwa ya mfuniko mzito. Imerudi kila safari, na aliyeibeba amerudi nayo. Wenye kuelewa wameelewa, haikuwa sufuria.

Alhamisi iliyopita yalikuwa mazoezi ya safari ya kumuaga. Nikaitwa. Nikaja na mwiko, nikakaa mahali pangu pa siku zote, kushoto, nafasi ya pili, nikauliza: “Leo mimi ni nani?” Kiraka akaanza kusoma chupa ya gundi kama gazeti. Hata Redio alinyamaza, na hapo ndipo moyo uliponishuka, maana Redio kunyamaza ni alama ya kiyama. Tukae akasema kutoka nyuma yangu: “Leo wewe ni wewe, mama.”

Nikasema sufuria yangu inaungua. Nikaondoka. Hapakuwa na sufuria motoni.

Wiki nzima wakaniandama. Redio akaja na maneno mia, akisema boti imepangwa kwa uzito wangu, nisipokuwepo itainama upande wa kulia. Nikamwuliza umejuaje uzito wangu, akapata kazi ya haraka nje. Kiraka akaniambia: “Bibi, miaka yote hii unapiga kasia na hujasogea hata hatua moja, hujiulizi?” Nikamjibu, wewe unaziba boti, hebu ziba na mdomo. Meneja akasema kama mama hataki, kuna wageni kumi wanaoitaka nafasi hiyo. Tukae akamwambia haipewi mtu. Itakwenda na mama yake au itakwenda tupu. Na mimi mwenyewe hakuniambia neno, huyo mtoto ni mkaidi, sijui kamrithi nani.

Aliyenivunja ni mkwe wangu. Alikuja jikoni kuchukua chai, akasimama na kikombe, akaniambia kitu ambacho hajaniambia miaka yote. Kwamba ukishapita lile poromoko la Mama Mkwe, mto unapanuka ghafla, maji yanatulia kama shuka iliyotandikwa, na milima yote miwili inajiona humo. Na kwamba Tukae kila safari hupaonyesha wageni kwa kasia na kusema, hapa ningependa mama yangu apaone. Wageni wakipanda lori humwuliza dereva: mama yake amepaona? Naye hujibu, bado. “Mama,” akaniambia, “nimesema bado mpaka ulimi umechoka. Na baada ya Jumapili hana boti nyingine.”

Nilimwongezea chai, kikombe kikafurika.

Mchana ule nikaingia stoo nikamkuta peke yake, amepiga magoti, anapitia mistari ya chaki iliyofifia. Nikamwuliza kina cha maji ni kiasi gani pale. Mnajua alinijibu nini? Tukakaa. Mimi na yeye tu, kwenye boti ya watu wanane. Akanipitisha safari nzima kuanzia mwisho: ufukoni, kambi ya mawe, maji ya shuka, Mama Mkwe, Kinyozi, Shemeji, mpaka pale mlimani nitakapotia mguu. Woga ukawa unapungua kidogo kidogo, na tulipoifikia siku ya kwanza, ulikuwa umebaki kama wa kuingia ukumbi wenye wageni. Kisha akanitolea jaketi. Jipya, rangi ya machungwa, kamba zimeongezwa urefu. Nikamwuliza mbona kamba ndefu. Akasema alimwambia mshonaji kwamba abiria ana kifua cha mpishi. Nikampiga na mwiko. Wamesema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge; mimi nimeyavalia jaketi, ndiyo vile vile.

Kwa hiyo nakwenda! Nakwenda mtoni mimi, na umri huu, na magoti haya! Nimeshawaambia majirani, nimemwambia muuza vitunguu, nimemwambia mtu aliyepiga simu kwa kukosea namba, akanipongeza. Sharti langu lilikuwa moja, nipike. Tukae amekataa, anasema mgeni hapiki. Atapika Redio. Maporomoko nimeyakubali yote matatu, lakini wali wa Redio niombeeni.

Na wewe Tukae, kwa niaba ya jiko, stoo, ofisi na lori: asante. Asante kwa kila aliyekwenda akarudi, kwa kila mkubwa uliyemkalisha chini akainuka na akili, kwa keki ya kuagana na kwa boti iliyogoma mlangoni. Chaki tunamkabidhi Redio, na tumemwapisha kwamba mistari haitafutika. Tunakutakia siku nyingi zenye maji ya kutosha na mawe machache, bega lipone, na mumeo akuchoke kidogo tu kwa kukuona nyumbani. Mimi kama mama sikutakii kitu. Nilishakutakia siku ile unazaliwa, na yote nimeyapata.

Imebaki shida moja ndogo. Jumatano tukiondoka, mlangoni pa jiko hapatakuwa na mtu wa kuidai sufuria. Meneja amejitolea kusimama pale. Tumemsikia akijifunza nyuma ya ofisi, sauti ni nyembamba lakini nia anayo. Ila sufuria hii, ikirudi, itarudi na mimi na mstaafu katika boti moja, na kazi hiyo ya kupokea ni kubwa kuliko koo la Meneja. Inataka watu. Wageni wa zamani mje, walioachishwa pasi mje, wanaume wa kule karibu na soda mje pia. Simameni pale kwenye mchanga, karibu na lori, na mkiiona boti inakata kona mpige kelele moja, “Sufuria!”, mpaka nisikie juu ya maji na nijue nimefika. Itatangulia kushuka sufuria, nitafuata mimi, na wa mwisho kutoka botini atakuwa yeye, kama kawaida yake. Mkwe wangu ameshaniahidi kwamba mwaka huu akiulizwa swali lile atajibu vingine. Njooni mmsikie. Jumapili.